Kuchangia na Kujitolea kwa Televisheni ya Umma Marekani: Mwongozo Kamili

Tangu Oktoba 2025, vituo vya televisheni ya umma nchini Marekani vinajiendesha bila ruzuku ya serikali kuu iliyokuwa ikipitia Shirika la Utangazaji wa Umma, CPB. Sheria iliyotiwa saini tarehe 24 Julai 2025 ilifuta takriban dola bilioni 1.1 zilizokwisha kutengwa kwa miaka miwili ya fedha, na mwezi uliofuata CPB, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1967, ikatangaza kwamba inafunga shughuli zake. Kwa wastani ruzuku hiyo ilikuwa kama asilimia 15 ya mapato ya vituo vya PBS, mtandao wa taifa wa televisheni ya umma. Wastani huo unaficha mengi: kituo cha jiji kubwa kilipoteza kidogo, ilhali baadhi ya vituo vya vijijini vilipoteza zaidi ya nusu ya bajeti.

Pengo hilo linazibwa na watazamaji. Ila sehemu ya michango hupotea njiani: hundi imeandikwa jina lisilo sahihi, kadi imekwisha muda bila mwenyewe kujua, mwajiri angeongeza kiasi kilekile lakini hakuna aliyemwomba. Mengi ya haya yanazuilika kwa nusu saa ya maandalizi.

Jua kwanza unampa nani

PBS si kituo cha televisheni. Ni shirika lililoundwa mwaka 1969, likaanza kurusha vipindi Oktoba 1970, na wanachama wake ni vituo zaidi ya 300 vinavyojitegemea. Kituo hulipa ada kwa PBS ili kipate vipindi vya taifa, kisha hujilipia umeme wa mnara, mafundi, wahariri na vipindi vyake chenyewe. Kwa hiyo mtu anayetaka mchango wake ufanye kazi karibu naye, aupeleke kwa kituo cha eneo lake, si makao makuu. Anayependa zaidi vipindi vya taifa naye asisahau kwamba vingi hutengenezwa na vituo wanachama, kama GBH ya Boston, WNET ya New York na WETA ya Washington.

Tovuti ya PBS hukukisia kituo chako kwa kutazama mahali intaneti yako inapotokea, na mara nyingine hukosea, hasa ukitumia VPN au ukiishi mpakani mwa majimbo. Angalia jina la kituo lililo juu ya ukurasa kabla ya kubonyeza kitufe cha kuchangia. Baadhi ya miji ina zaidi ya kimoja: mkazi wa Washington hupata WETA, WHUT ya Chuo Kikuu cha Howard na Televisheni ya Umma ya Maryland. Hapo hakuna jibu sahihi, ila fahamu kwamba kuchangia kimoja hakukufanyi mwanachama wa kingine.

Kisha tazama nani anamiliki leseni. Kuna aina nne: shirika la kijamii lisilo la faida, chuo kikuu, jimbo, na mamlaka ya eneo kama vile wilaya ya shule. Tofauti hii inaamua jina linaloandikwa kwenye hundi. Kituo cha chuo mara nyingi hupokea fedha kupitia mfuko wa chuo, na usipoandika jina la kituo kwenye sehemu ya maelezo, mchango unaweza kuangukia kapu kuu la chuo. Kituo cha jimbo nacho huwa na shirika la marafiki au wakfu wake pembeni. Hilo la pembeni ndilo la kuandikia, kwa sababu fedha zake hazichanganyiki na bajeti ya serikali ya jimbo.

Namba ya utambulisho wa kodi ya shirika, EIN, huwa chini ya ukurasa wa michango. Iingize kwenye kitafutio cha mashirika yaliyosamehewa kodi kwenye tovuti ya IRS, mamlaka ya kodi ya Marekani. Vituo vinavyomilikiwa moja kwa moja na jimbo huenda visionekane humo ingawa mchango kwao bado unatambulika, kwa hiyo usishtuke. Piga simu kituoni uombe barua. Kwa mashirika yasiyo ya faida, soma pia Fomu 990, taarifa yao ya mwaka kwa IRS, ambayo ni ya wazi kwa umma. Humo utaona mapato, mishahara ya wakubwa na akiba. Kituo chenye akiba ya mwaka mzima na kituo chenye akiba ya wiki sita havina haja moja.

Ukitaka kusaidia vituo vilivyo hatarini mbali na kwako, upo mfuko ulioanzishwa mwaka 2025 kwa kazi hiyo, Public Media Bridge Fund.

Kiasi gani, na kwa njia ipi

Ushauri wetu ni mchango wa kila mwezi, kutoka akaunti ya benki, usio na masharti, bila zawadi.

Kila mwezi, kwa sababu kituo hulipa mishahara na umeme kila mwezi. Dola 10 zinazojulikana zitaingia lini zina faida kuliko dola 120 ambazo huenda zikaja Desemba. Pia humwondolea mfanyakazi kazi ya kukuandikia barua tatu za kukukumbusha.

Akaunti ya benki, kwa sababu makampuni ya kadi hukata takriban asilimia 2 hadi 3 ya kila malipo, na kwa sababu kadi hufa. Inapoisha muda, ikipotea au benki ikiibadilisha baada ya wizi, mchango husimama kimyakimya. Mchangiaji anaamini bado analipa, kituo kinamhesabu kama aliyejitoa. Benki nyingi husasisha namba mpya zenyewe, lakini si zote. Ukitumia kadi, weka kumbusho kwenye simu mwezi mmoja kabla ya tarehe ya kadi kuisha. Kwa malipo ya benki utahitaji namba mbili zilizo chini ya hundi yako: ya kwanza kushoto, yenye tarakimu 9, ni ya benki, inayofuata kwa kawaida ni ya akaunti. Watu huzigeuza, na malipo yakirudi, benki huweza kukutoza faini.

Bila masharti maana yake usifunge mchango kwenye kipindi kimoja. Fedha zilizofungwa haziwezi kununua kipuri cha kirusha mawimbi kilichoungua usiku wa Jumamosi. Masharti yana nafasi yake kwenye michango mikubwa yenye mkataba; kwa dola 60 yanamuumiza mhasibu tu.

Kuhusu zawadi, yaani kikombe, mfuko wa kitambaa au seti ya diski: kituo huzinunua, huzifunga na kuzituma, na kwa kawaida hufika baada ya wiki kadhaa. Kwenye fomu tafuta kisanduku cha kukataa zawadi. Ukikikosa, andika kwenye maoni. Faida ya pili ya kukataa iko kwenye kodi, tutaifikia.

Passport, maktaba ya video ya PBS kwa wanachama, ni habari nyingine, maana haigharimu posta. Vituo vingi huitoa kuanzia dola 5 kwa mwezi au dola 60 kwa mwaka. Baada ya kuchangia hupokea barua pepe yenye kiungo cha kuamsha akaunti. Shida za kawaida ni mbili: barua imeingia kwenye taka, au uliandika barua pepe tofauti na ile unayoingilia PBS. Uliyetuma hundi kwa posta huenda ukasubiri zaidi, kwa kuwa mtu lazima aingize jina lako kwa mkono. Na ukisafiri nje ya Marekani, sehemu kubwa ya video haitafunguka, kwa sababu haki za kurusha ni za Marekani. Ndugu aliye ng'ambo anaweza kuchangia, lakini asichangie kwa ajili ya Passport.

Baada ya siku tatu fungua taarifa ya benki uone kama kilichokatwa ndicho ulichokusudia. Kosa linalojirudia kuliko yote ni kuacha alama kwenye "kila mwezi" ulipotaka kulipa mara moja tu.

Mwajiri wako anaweza kuongeza

Makampuni mengi ya Marekani huongeza kiasi sawa na mchango wa mfanyakazi, na mengine hulipa shirika fedha kwa saa ambazo mfanyakazi amejitolea. Fedha hizi hazijileti. Tafuta kwenye tovuti ya ndani ya kazini au uliza idara ya rasilimali watu mambo manne: kiwango cha chini na cha juu, kama vituo vya utangazaji vinakubaliwa, kama wastaafu wanahusika, na muda wa mwisho wa kuomba. Muda huo unatofautiana sana; wengine hufunga miezi michache baada ya mchango, wengine mwisho wa mwaka. Ombi litahitaji EIN na risiti. Mchangiaji wa kila mwezi aombe mara moja kwa mwaka kwa jumla yote, mradi kanuni za mwajiri zinaruhusu.

Kodi: tarehe, risiti na hesabu

Kuanzia mwaka wa kodi 2026, hata mtu anayechukua punguzo la kawaida, yaani kiasi kimoja kilichopangwa badala ya kuorodhesha makato, anaweza kuondoa kwenye mapato yanayotozwa kodi michango ya fedha (si ya mali) hadi dola 1,000, au dola 2,000 kwa wanandoa wanaojaza fomu pamoja. Wanaoorodhesha makato yao moja moja nao wamewekewa kizingiti: asilimia 0.5 ya kwanza ya mapato yaliyorekebishwa haihesabiwi. Mwenye mapato ya dola 80,000 hapati chochote kwa dola 400 za mwanzo. Hesabu yake inaanzia dola ya 401.

Ukipokea zawadi, unaondoa tofauti tu. Umetoa dola 120, ukapewa seti ya diski yenye thamani ya dola 45: kinachohesabika ni dola 75. Malipo yanayozidi dola 75 yenye zawadi ndani yake yanamlazimu mpokeaji akuandikie makisio ya thamani hiyo, isipokuwa kwa vitu vidogo vilivyo chini ya viwango vya IRS. Aliyekataa zawadi hana hesabu ya kufanya.

Mchango mmoja wa dola 250 au zaidi unahitaji barua ya kituo inayotaja kiasi na kusema kama ulipewa kitu. Taarifa ya benki peke yake haitoshi, na barua lazima uwe nayo kabla ya kuwasilisha fomu ya kodi. Michango ya dola 25 kila mwezi haijumlishwi kufikia kiwango hicho. Kila mmoja unasimama peke yake, na kumbukumbu ya benki inatosha.

Mwisho wa mwaka tarehe hukoroga wengi. Malipo ya kadi huhesabiwa siku kadi ilipotozwa, hata kama utalipa bili Januari. Hundi ya posta huhesabiwa siku ilipotumwa, lakini muhuri wa posta siku hizi huweza kupigwa siku chache baada ya kuitumbukiza sandukuni. Tarehe 30 au 31 Desemba nenda kaunta uombe ipigwe mbele yako. Hisa huhesabiwa siku zinapoingia kwenye akaunti ya kituo, na madalali huelemewa Desemba, kwa hiyo anza mapema mwezini.

Gari, hisa, akaunti ya uzeeni, wosia

Gari. Vituo vingi hupokea magari, hata yasiyowaka, kupitia kampuni inayoyakokota na kuyauza mnadani. Unachopewa kwa kodi si bei uliyoiona kwenye matangazo ya magari. Gari likiuzwa zaidi ya dola 500, punguzo lako kwa kawaida ni bei ya mnada, na utapata Fomu 1098-C ndani ya siku 30 baada ya mauzo. Likiuzwa dola 500 au pungufu, unaweza kuondoa thamani yake halisi sokoni, mradi isizidi dola 500. Kabla ya dereva wa kukokota kufika, toa pleti ikiwa sheria ya jimbo lako inataka hivyo, safisha sanduku la dashibodi, na futa namba za simu na anwani ya nyumbani kwenye mfumo wa redio. Saini hati ya umiliki pale tu ulipoelekezwa. Saini iliyokosewa au kufutwa hulazimu kuomba hati mpya. Halafu peleka taarifa ya kuachia gari kwa ofisi ya magari ya jimbo. Hii ndiyo hatua inayosahaulika kuliko zote, na bila hiyo faini za maegesho za mmiliki mpya wa gari hilo zitakuja kwako.

Hisa. Ulizoshika zaidi ya mwaka mmoja na zimepanda bei zina faida mara mbili: hulipi kodi ya faida iliyotokana na kupanda kwa bei, na kwa anayeorodhesha makato unahesabiwa bei ya sokoni. Usiziuze kwanza, zihamishe zenyewe. Omba kituo jina la dalali wake, namba ya DTC (namba inayomtambulisha dalali huyo wakati wa kuhamisha hisa) na namba ya akaunti, umpe dalali wako. Kisha, na hili tunalisisitiza, mwandikie kituo siku hiyohiyo jina la hisa, idadi yake na jina lako. Hisa huweza kufika bila jina la mtoaji, na wahasibu wamewahi kukaa na hisa wasijue za nani. Hisa zilizoshuka bei ni kinyume: uza, chukua hasara kwenye kodi, changia fedha.

Akaunti ya IRA, yaani akaunti binafsi ya akiba ya uzeeni. Aliyefikisha umri wa miaka 70 na nusu anaweza kuelekeza fedha kutoka IRA moja kwa moja kwa kituo bila kuhesabiwa kama mapato. Kikomo kilikuwa dola 108,000 kwa mwaka 2025 na hupanda na mfumuko wa bei. Fedha zisipitie mikononi mwako, na usipokee zawadi yoyote, maana kikombe chenye thamani kinaweza kuharibu msamaha wote. Ukiwa na kitabu cha hundi cha IRA, hundi lazima iwe imelipwa kabla ya tarehe 31 Desemba kupita. Kutumwa tu hakutoshi.

Wosia. Unahitaji jina la kisheria la shirika na EIN, si jina linalotajwa hewani, kwa sababu majina ya hewani hubadilika. Kuandika kituo kama mnufaika wa akaunti ya uzeeni ni rahisi zaidi: fomu ya ukurasa mmoja, bila wakili.

Kujitolea: kazi gani, na jinsi ya kuifanya

Picha ya safu ya watu wakipokea simu studioni bado ipo, lakini vituo vingi sasa hupeleka simu hizo kwa kampuni za nje. Kazi nyingi zaidi ziko kwingine: mapokezi, kufunga barua, kuingiza data, kusimamia maonyesho ya filamu mtaani, meza za shughuli za watoto, kuongoza wageni studioni. Mwenye ujuzi wa uhasibu, hifadhidata au tafsiri auseme kwenye barua ya kwanza. Vituo huchoka na maombi ya "nitafanya chochote"; andika siku zako, saa zako na mambo mawili unayoyaweza.

Tazama ukurasa wa kujitolea wa kituo, jaza fomu, na kama hujajibiwa kwa wiki mbili piga simu. Kampeni za michango hewani huangukia mara nyingi Machi, Agosti na kuanzia mwisho wa Novemba. Omba wiki sita kabla. Kazi yoyote yenye watoto itataka uchunguzi wa rekodi zako, na huo huweza kuchukua wiki kadhaa. Aliye Marekani kwa viza ya masomo au ya kazi ajiepushe na kazi ambayo kituo humlipa mtu kuifanya, kama kuhariri video za hewani, na aulize kwanza ofisi ya wanafunzi wa kigeni au wakili wake.

Ukipangiwa simu, fika mapema kwa maelekezo. Simu huja kwa mawimbi: mtangazaji anapoomba, zote hulia pamoja, kipindi kikirudi, kimya. Kwa hiyo wakati wa wimbi kuwa mfupi, na utaratibu wako uwe huu:

1. Uliza kiasi na papo hapo uliza kama ni kwa mwezi au mara moja. Dola 10 kwa mwezi ni dola 120 kwa mwaka; alama moja iliyokosewa ndiyo hasara kubwa zaidi ya meza yako.
2. Andika jina kama lilivyo kwenye kadi, herufi moja moja ukiisoma kwa sauti.
3. Chukua barua pepe na uirudie. Ikikosewa, Passport haitafika.
4. Soma namba ya kadi nne nne, kisha tarehe ya kuisha. Iandike kwenye fomu au mfumo wa kituo tu, kamwe si kwenye karatasi yako.
5. Uliza kuhusu zawadi mwishoni, ukitaja kwanza kwamba anaweza kukataa.
6. Rudia kiasi, shukuru, kata.

Mpigaji akitaka kulalamika kuhusu kipindi, andika malalamiko na namba yake, mpe msimamizi. Usimtetee mtu wala kubishana. Kwenye kamera vaa rangi moja. Mistari myembamba hucheza kwenye picha, na nembo za biashara hazitakiwi kwa kuwa kituo kisicho cha kibiashara hakiruhusiwi kuzitangaza. Simu yako iwe mfukoni: picha ya ukumbusho inaweza kunasa fomu yenye namba ya kadi ya mtu.

Saa zako hazipunguzwi kwenye kodi, hata uwe mhasibu unayetoza dola 200 kwa saa. Kinachoweza kuondolewa, kwa anayeorodhesha makato, ni gharama: senti 14 kwa maili kwa gari lako, kiwango kilichowekwa na sheria, pamoja na maegesho na ushuru wa barabara. Weka daftari la tarehe, safari na maili. Daftari hilohilo litakupa jumla ya saa za kumpelekea mwajiri anayelipia kujitolea.

Wenye nafasi zaidi waulize kuhusu bodi ya ushauri ya jamii. Sheria iliwalazimu wengi wa waliopokea ruzuku ya CPB kuwa nayo, na mikutano yake iwe wazi. Muulize meneja kama kituo chako bado kinaiendeleza. Mtu mmoja anayehudhuria kila mkutano akiwa amesoma bajeti husikilizwa kuliko barua pepe mia.

Biashara ndogo inaweza kudhamini kipindi. Ujumbe wa hewani utataja jina, mahali na kazi yenu, lakini hautataja bei, hautalinganisha, wala kumwambia mtazamaji "njoo ununue"; FCC, mamlaka ya mawasiliano ya Marekani, inakataza. Andaeni maneno mkijua kituo kitayachuja.

Ukihama mji, usikate tu malipo benki, kwa kuwa mfumo wa kituo utaendelea kujaribu na kila jaribio lina ada. Piga simu, sema tarehe ya mwisho, omba risiti ya mwaka itumwe anwani mpya, kisha jiandikishe kwa kituo cha huko uendako na uunganishe Passport upya kwa barua pepe ileile.